Pembe Kwanza, Unene Baadaye: Vinara wa Jointi za Magari ya Porini

Mashindano ya Rhino Charge ya Kenya hayampi ushindi dereva mwenye kasi. Yalianza mwaka 1989, na kanuni yake ni hii: una saa 10, una vituo 13 vilivyotawanywa porini, na atakayevifikia vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake ndiye bingwa. Fedha zinazochangwa huenda kwenye uhifadhi wa misitu. Ndizo zilizosaidia kujenga uzio wa Aberdare, kilomita 400 hivi, uliokamilika mwaka 2009. Kwa kuwa kila mita inahesabiwa, hakuna anayezunguka kilima akiona kwamba anaweza kukipanda, wala anayelikwepa korongo akiona njia ya kulishuka. Ukitaka kuona jointi za gari, yaani viungo vinavyopitisha nguvu kwenye pembe, zikiteswa, hapo ndipo pa kwenda. Usukani umekatwa hadi mwisho, difloki zimefungwa mbele na nyuma, gia iko ya chini kabisa, na gurudumu moja limebanwa kati ya mawe mawili huku dereva akiongeza mafuta.

Watu wanaoanza kuyafanyia magari yao marekebisho, wakinyanyua springi, wakifunga matairi makubwa na kubadili uwiano wa gia za difu, huuliza swali moja: jointi ipi ni imara kuliko zote? Swali hilo lina jibu, nitalifikia. Lakini limetangulia mahali pasipo pake. Jointi nyingi hazifi kwa kuwa nyembamba. Zinakufa kwa sababu mtu alizipa pembe ambayo hazikuundwa kuifanyia kazi, kisha akashangaa. Vinara wote nitakaowataja hapa nimewapima kwa kipimo hicho: pembe kwanza, unene baadaye.

Kongwe kuliko zote

Jointi ya msalaba, ambayo mafundi wengi huiita krosi, ina umri mkubwa kuliko gari lenyewe. Imebeba jina la Gerolamo Cardano, msomi wa Italia wa karne ya 16, ingawa aliyeichambua kwa hesabu ni Mwingereza Robert Hooke, aliyeandika habari zake mwaka 1676. Hooke aligundua kasoro ambayo hadi leo ndiyo inayomsumbua mwenye gari lililonyanyuliwa: ukizungusha upande mmoja wa krosi kwa mwendo sawasawa, upande wa pili hauzunguki sawasawa. Unaongeza kasi na kupunguza, mara mbili katika kila mzunguko.

Pembe ikiwa digrii 10, tofauti hiyo ni kama asilimia 1.5 juu na chini, na ni shida kuihisi. Ikifika digrii 30, upande unaotoka unayumba kati ya mara 0.87 na mara 1.15 ya kasi inayoingia. Kwenye digrii 35, ambazo ni za kawaida kwa ekseli ya mbele usukani ukikatwa sana, ni kati ya 0.82 na 1.22. Ndiyo maana gari lenye krosi kwenye ekseli za mbele huupiga usukani mikononi mwa dereva anapokata kona kali huku magurudumu ya mbele yakivuta.

Aliyeitoa jointi hii kwenye vitabu na kuifikisha gereji ni Clarence Spicer, Mmarekani aliyepata hataza mwaka 1903 na kuanza kuitengeneza mwaka uliofuata huko Plainfield, New Jersey. Kampuni yake ndiyo iliyokuja kuitwa Dana. Kabla ya hapo magari mengi yalizungushwa kwa mnyororo. Namba zake za ukubwa, 1310, 1350, 1410 na 1480, ndizo zinazotumiwa hadi leo na watu wanaotengeneza propela (shafti zinazopeleka nguvu kwenye difu) za kuagiza.

Dawa ya kasoro ya Hooke ni kuweka krosi mbili kwenye propela moja, ya pili ikifuta mayumbo ya kwanza. Lakini dawa hiyo inafanya kazi kwa masharti. Pembe za krosi hizo mbili ziwe sawa au zipishane kwa digrii moja tu, na yoki mbili za propela yenyewe, yaani uma zinazoshika misalaba, zielekee upande mmoja. Kwenye barabara ya lami, pembe ya digrii 3 au chini yake ndiyo inayofaa. Isiwe sifuri pia, kwa sababu beringi za sindano zilizomo ndani ya vikombe zinahitaji kucheza kidogo. Zikikaa mahali pamoja zinachimba mistari kwenye msalaba, na mistari hiyo ndiyo mwanzo wa mlio.

Sasa nyanyua gari sentimita 10. Kama propela ina urefu wa sentimita 120, umeiongezea takriban digrii 5. Kama ni fupi, sentimita 60, umeiongezea zaidi ya digrii 9. Mwenye gari refu na mwenye gari fupi wakinunua springi zile zile, wa pili ndiye atakayerudi gereji akilalamikia mtetemo. Hakuna krosi nene itakayomsaidia. Anachohitaji ni kupima pembe kwa kifaa cha digrii, gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote, kisha aamue: ainamishe difu, ashushe giaboksi ya transfa kidogo, au abadilishe aina ya jointi.

Inayosahauliwa kuliko zote

Aina inayobadilishiwa mara nyingi ni krosi pacha: krosi mbili zilizounganishwa upande wa transfa, katikati yake kukiwa na kigololi kinachoziweka mahali pake. Hapo pembe yote inagawanywa nusu kwa nusu kati ya krosi hizo mbili, na difu inainamishwa hadi iitazame transfa moja kwa moja. Inaweza kufanya kazi kwenye digrii 20 na kitu bila kutikisa gari. Kwa gari fupi lililonyanyuliwa naiona ndiyo suluhisho bora kwa propela ya nyuma, na sioni sababu ya kulizungukazunguka jambo hilo.

Ila ina kasoro moja inayogharimu: kile kigololi cha katikati. Tundu lake la grisi ni dogo na limejificha, bomba la grisi la kawaida halifiki. Linataka ncha nyembamba kama ya sindano. Fundi mwenye haraka analiruka. Propela nyingine za aina hii hutoka kiwandani zikiwa zimezibwa kabisa, hazina pa kutilia grisi. Land Rover Discovery ya kizazi cha pili inafahamika kwa jambo hilo: propela ya mbele ina krosi pacha isiyotiwa grisi, iko karibu na joto la bomba la moshi, na ikikatika gari likiwa kwenye mwendo inaweza kulitoboa ganda la giaboksi. Wanaoyamiliki magari hayo na kuyajali hufunga propela yenye matundu ya grisi mapema, bila kusubiri ishara yoyote.

Gari lililobeba aina nyingi kuliko yote

Hili ni Jeep la Vita vya Pili vya Dunia. Willys na Ford walitengeneza zaidi ya 600,000, na viwanda vya jointi havikuweza kuhimili mahitaji hayo. Matokeo yake ekseli za mbele zilifungwa jointi za aina nne tofauti: Rzeppa, Bendix-Weiss, Tracta na krosi ya Spicer. Askari hakuchagua, alipewa iliyokuwepo.

Kati ya hizo nne, Tracta ndiyo ninayoiheshimu zaidi kwa historia yake. Ni kazi ya Wafaransa Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille, mwaka 1926, na mwaka uliofuata gari lao linalovuta kwa magurudumu ya mbele lilishiriki saa 24 za Le Mans. Ilikuwa jointi ya kwanza ya mwendo sawa (CV), isiyo na mayumbo ya krosi, iliyotumika kwenye magari kwa wingi. Udhaifu wake ni kwamba vipande vyake vinasuguana, havibingiriki. Inapasha moto, inakula grisi, na kwa hiyo ilipitwa.

Yenye pembe kubwa kuliko zote

Aliyeipita Tracta ni Alfred Rzeppa, mhandisi wa Marekani, aliyeunda jointi yake mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuiboresha mwaka 1936. Ndani yake mna gololi sita. Gololi hizo zinakaa kwenye madirisha ya kizimba, zikitembea kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya bakuli la nje na kwenye nyota ya ndani. Ujanja wote uko kwenye kizimba: kinazilazimisha gololi zikae daima kwenye mstari unaoigawa pembe katikati. Kwa sababu hiyo kinachoingia na kinachotoka vinakwenda kwa kasi moja, pembe iwe digrii 5 au 45. Mini ya mwaka 1959 ndiyo iliyoifanya jointi hii kuwa kitu cha kila siku.

Afrika Mashariki tunaifahamu kwa jina la Birfield, hasa wenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 na Suzuki ndogo za kizazi cha Samurai. Magari hayo yana ekseli nzima mbele, na jointi imefungiwa ndani ya kichwa cha mviringo pale gurudumu linapogeukia, ikiogelea kwenye grisi. Ni mpangilio mzuri kwa nchi za matope na vumbi, kwa sharti moja: sili ya ekseli isivujishe mafuta ya difu. Yakivuja yanaiyeyusha grisi, na ukifungua unakuta supu nyeusi badala ya grisi nzito.

Ukitaka kujua Birfield inavyovunjika, iangalie iliyovunjika mezani. Mara nyingi nyota ni nzima na shafti ni nzima. Kilichopasuka ni ukingo wa bakuli, kipande chenye umbo la mwezi mchanga, na dirisha moja la kizimba limekatika pembeni. Sababu ni pembe. Jointi ikiwa imenyooka, gololi zote sita zinagawana mzigo katikati ya mifereji. Usukani ukikatwa hadi mwisho, gololi zinakimbilia kwenye ncha za mifereji, pale chuma cha bakuli ni chembamba, na mzigo haugawanyiki tena sawa. Jointi ile ile iliyovumilia miaka 20 ya kubeba maharage na mbao inapasuka kwa dakika moja ya kukanyaga mafuta usukani ukiwa umekatwa kwenye jiwe. Dereva aliyezoea hunyoosha usukani robo mzunguko kabla ya kuongeza mafuta. Hilo peke yake linaokoa jointi nyingi kuliko chuma chochote cha kuagiza.

Kwa wenye Prado na Hilux za saspensheni huru mbele hali ni tofauti. Kila shafti ina jointi mbili: ya nje ni ya gololi na inakubali pembe kubwa, ya ndani ni ya rola tatu na pembe yake inaishia kama nusu ya ile. Nyanyua gari sentimita 5 na huenda usione lolote. Pita hapo, na mikunjo ya mpira wa CV itaanza kusuguana yenyewe kwa yenyewe hadi ichanike; vumbi likiingia, utasikia ule mlio wa tik-tik-tik kwenye kona. Kununua shafti mpya bila kuishusha difu au kupunguza urefu ni kununua mlio ule ule kwa mara ya pili.

Imara kuliko zote

Sasa lile swali. Hesabu kwanza, kwa mfano. Injini ya dizeli inatoa torki ya Nm 285. Gia ya kwanza inaizidisha mara 4, gia za chini za transfa mara 2.5: kwenye propela inaweza kufika Nm 2,850. Difu ya 4.1 inaizidisha tena: Nm 11,685 kwenye ekseli. Ndiyo maana jointi za ekseli hubeba mzigo mkubwa kuliko za propela, ingawa za propela ndizo watu wanazoziona wakiinama chini ya gari.

Lakini gurudumu haliwezi kupokea torki zaidi ya mshiko wake. Gurudumu lililobeba kilo 1,000 kwenye mwamba mkavu, tairi la inchi 33, litateleza kwenye Nm 4,100 hivi. Weka tairi la inchi 37 na kikomo kinapanda hadi karibu Nm 4,600, asilimia 12 zaidi, bila kugusa injini. Tairi kubwa ndilo linalovunja jointi, kwa kuwa linaiondolea ruhusa ya kuteleza. Na kuna mshtuko: gurudumu linazunguka hewani, linatua kwenye jiwe, linasimama ghafla. Hapo hesabu yote niliyoiandika inapitwa.

Kwa upande wa krosi, vipenyo vya vikombe vinasema mengi: 1310 ni milimita 27, 1350 na 1410 ni milimita 30.2, 1480 ni karibu milimita 35. 1410 ina vikombe sawa na 1350 lakini ni pana zaidi, kwa hiyo inapata nguvu ya wenzo na nafasi ya pembe kwa pamoja. Kwa propela ya gari zito la porini ndiyo ninayoipendekeza kabla ya kurukia 1480, ambayo inataka yoki kubwa na nafasi ambayo magari mengi hayana. Kwenye ekseli za mbele, krosi isiyotobolewa njia ya grisi ni imara kuliko iliyotobolewa, kwa sababu tundu linapita katikati ya chuma kile kile kinachobeba mzigo. Kwenye propela, inayoingiwa na vumbi na maji kila siku, nachagua yenye tundu la grisi bila kusita, na chuchu yake naielekeza upande unaobanwa gari linapovuta kwenda mbele, si upande unaovutwa.

Kwa upande wa gololi, kilele ni jointi za chuma cha 4340 na 300M. Hiki cha pili ni chuma kile kile kinachotumiwa kwenye miguu ya kutua ya ndege. RCV ya Marekani hutengeneza shafti za namna hiyo zinazoziondoa kabisa krosi kwenye ekseli za mbele za Dana 44 na Dana 60: nguvu kubwa, usukani mlaini. Taji la uimara ni lao. Ila ukiimarisha jointi, mzigo hauyeyuki. Unahamia kwenye kitu kinachofuata, na kinachofuata mara nyingi ni meno ya difu, ambayo hayabadilishwi kando ya mto.

Zilizofika juu kuliko zote

Mlima Ojos del Salado, kwenye mpaka wa Chile na Argentina, ndio uwanja wa rekodi ya kimo kwa magari. Mwaka 2007 Jeep Wrangler mbili zilifika mita 6,646. Wiki chache baadaye, tarehe 21 Aprili, Gonzalo Bravo na Eduardo Canales wa Chile waliifikisha Suzuki Samurai iliyofanyiwa marekebisho mita 6,688. Suzuki ndogo, yenye Birfield ndogo, juu ya kilele cha Kilimanjaro kwa takriban mita 800! Sababu ni uzito. Gurudumu lililobeba kilo 300 halina mshiko wa kutosha kuipasua jointi yake. Kwangu hii ndiyo rekodi inayofundisha zaidi katika orodha yote, na ingebandikwa ukutani katika kila gereji inayofunga bampa za chuma, winchi na mapipa ya maji kisha ikalaumu jointi.

Mwaka 2019 Unimog U 5023 zilifika mita 6,694, na tarehe 2 Desemba 2023 Romain Dumas akaifikisha Porsche 911 iliyojengwa upya mita 6,734. Gari zito na gari jepesi, lakini zote mbili zina ekseli za aina moja: zile zenye gia za kupunguza mwendo kwenye gurudumu lenyewe. Faida ya kwanza ni kunyanyuka kutoka ardhini. Ya pili ndiyo inayotuhusu. Kama gia za gurudumuni zinapunguza mwendo mara 1.5, shafti na jointi zake hubeba theluthi mbili tu ya torki ambayo zingeibeba. Na gari limepanda juu bila kuongeza pembe ya jointi hata digrii moja. Ni ghali, na ni visanduku vinne zaidi vya gia vya kubadilishia mafuta, lakini sijaona njia nyingine inayotatua pembe na unene kwa mkupuo mmoja.

Rahisi kuliko zote kurekebisha porini

Taji linarudi kwa krosi. Inabadilishwa kwa nyundo, koleo la klipu na soketi mbili, moja kubwa na moja ndogo, juu ya jiwe bapa. Vikombe vinagongwa nje, vipya vinaingizwa kwa uangalifu ili sindano isianguke ndani. Ikianguka moja, kikombe hakifiki mwisho na klipu haiingii kwenye mfereji wake. Birfield nayo hutolewa porini, lakini lazima ufungue habu na kichwa chote cha gurudumu, na mikono inatapakaa grisi hadi viwikoni. Anayekwenda mbali na Birfield abebe shafti nzima iliyokwisha kuunganishwa na jointi yake. Gololi za akiba zibaki nyumbani.

Na anayeitoa propela yoyote, kabla ya kutenganisha sehemu mbili zinazoteleza, apige alama kwa patasi au rangi pande zote mbili. Viwanda vingi huweka mishale, ila baada ya miaka ya tope na kupakwa rangi haionekani tena. Propela ikirudishwa jino moja nje ya mstari, yoki haziangalii upande mmoja, krosi mbili hazifutiani tena mayumbo kikamilifu, na gari linaanza kutetemeka kwenye kilomita 70 kwa saa hata kama kila jointi iliyomo ni mpya. Katika hali hiyo watu hupeleka matairi kusawazishwa, hubadilisha shokapu, huifungua giaboksi. Lala chini ya gari kwanza, uzitazame yoki.